BATI AU MAKUTI? MKE, MUME NA JOTO LA KIBITI

Kibiti kuna mambo mawili ambayo kila mtu ana la kusema juu yake: joto la Januari na nyumba ya bati. Joto hakuna anayelitaka. Nyumba ya bati kila kijana anaitafuta. Balaa linaanza pale nyumba inapokuongezea joto.

Kuna mke na mume hapo mjini hayo yaliwakuta. Mume ni mtu wa delta, kazaliwa huko kwenye visiwa vya mikoko, na mpaka leo anaishi kwa kambamiti na kaa. Anapitia Nyamisati, anaingia majini, anarudi nyumbani baada ya siku kadhaa kutegemea bamvua. Mke ni mama lishe kando ya barabara kuu ya Lindi na Mtwara: chapati na chai asubuhi, wali samaki mchana. Watoto wawili, mdogo bado ananyonya.

Miaka walikuwa kwenye chumba cha kupanga. Wakajinyima, wakajichanga, mwisho wakasimamisha nyumba ya vyumba viwili na sebule, tofali za saruji, juu bati la rangi ya maruni, lile ambalo siku hizi ndilo fasheni. Walihamia mwezi wa saba 2025. Mwezi wa saba ni kipupwe, kusi inapuliza, usiku unajifunika shuka. Wageni wakala pilau, wakasifia. Nyumba ikaonekana pepo ndogo.

Halafu Oktoba ikaingia.

Hapa tuelewane kidogo. Rufiji na Kibiti ziko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Jua linapokwenda kusini linapita utosini mwa watu wa huku katikati ya Oktoba, na linaporudi kaskazini linapita utosini tena mwishoni mwa Februari. Yaani kati ya hapo, miezi minne na nusu, jua halikai mbali na kichwa chako. Mvua za vuli zikiwepo zinapoza kidogo, zikikatika unabaki wewe na jua lako.

Na bati ni kitu chembamba. Likipigwa na jua toka asubuhi linashika moto haraka, na moto ule unashuka kwa waliomo ndani. Bati lenye rangi iliyoiva ndiyo kabisa, linakunywa jua kuliko jeupe. Makuti yenyewe ni tabaka juu ya tabaka, katikati kuna hewa, na hewa haipitishi moto kirahisi. Isitoshe paa la makuti linapumua, joto linapata pa kutokea. Usiku bati linapoa upesi, lakini tofali zilizokula jua kutwa nzima zinaendelea kulitoa mpaka usiku wa manane. Ongeza na unyevu wa pwani. Mwili unajipoza kwa jasho kukauka, sasa hewa ikishajaa unyevu jasho halikauki, linatiririka tu. Ndiyo maana utabiri unaweza kusema nyuzijoto 32, mtu wa Dodoma akaona mbona kawaida, wa Kibiti yuko hoi.

Kufika mwezi wa kwanza, kwenye ile nyumba saa nane mchana hakukaliki. Mtoto mdogo akatoka harara shingoni, mgongoni, kwenye makwapa. Usiku halali, analia, mama naye halali, na saa kumi alfajiri anatakiwa kwenye unga wa chapati. Wakafungua madirisha, mbu wakaingia. Wakafunga, joto likawakaba. Feni ilikuwepo, lakini ilikuwa inazungusha hewa ile ile ya moto, na umeme ukikatika hata hiyo hakuna.

Siku moja mke akashindwa kuvumilia. "Baba watoto, humu ndani tunapikwa. Si bora tungeweka makuti kama kwa mama?"

Kauli ndogo, lakini ilimwingia mume vibaya. "Wenzio wanalilia bati, wewe unalilia makuti? Unataka watu waseme nimefilisika?" Akachukua kapu lake akaondoka kwenda Nyamisati kabla ya siku yake. Zikapita siku tano hata simu hakupiga.

Mke akahesabu ile ni aibu ya kiume. Na kusema kweli hata majirani wangesema hivyo hivyo. Huku kwetu paa linasoma kama kitambulisho: makuti ni maskini, bati ni mtu. Mwanaume akishapaua bati anatembea kifua mbele, sasa nani atakubali kurudi nyuma?

Kumbe kulikuwa na jingine.

Wiki hiyo hiyo bibi wa watoto, mama yake mume, alikuja kutoka kwenye delta kumwona mjukuu. Usiku wa kwanza alilala ndani. Usiku wa pili akatoa mkeka wake akautandika chini ya mwembe, akafunga chandarua kwenye tawi, akamchukua na mtoto. Mtoto akalala mpaka asubuhi. Mke alipokwenda kumnyonyesha alfajiri alimkuta bibi yuko macho, anampepea kwa kipepeo cha ukindu.

"Mama, mwambie mwanao," akasema mke. "Mimi kanikatalia."

Bibi akanyamaza kidogo. Halafu akamuuliza, "Mwanangu, mumeo alishawahi kukusimulia siku ile ya Hidaya?"

Hakuwahi. Mke alijua tu kwamba mume wake alikuwa huko. Kimbunga Hidaya kilifika nchi kavu Mafia tarehe 4 Mei 2024, na Mafia na delta ni majirani wa kutazamana. Tena kilikuja watu hawajapumua, maana Aprili hiyo mafuriko yalikuwa yamezamisha mashamba Rufiji na Kibiti. Mpunga ulishakwenda na maji, sasa ikaja zamu ya paa.

"Upepo uliyang'oa makuti upande mzima," bibi akasema. "Yeye alirukia kamba ya kufungia paa akaning'inia nayo, viganja vikachubuka, mpaka nikamwambia achia mwanangu, twende kwa jirani. Akanibeba mgongoni, maji yako magotini. Kufika kule akalia kama mtoto. Akaapa wanawe hawatalala chini ya makuti maisha yake yote. Wewe hakukwambia, mwanaume hasemi kwamba kaogopa."

Mke akakaa chini pale mkekani.

Maana naye alikuwa na Mei yake ambayo hakuisema. Siku zile barabara ilikatika maeneo ya Somanga kule Kilwa, mabasi ya Lindi na Mtwara hayakupita. Alipika siku ya kwanza chakula kikalala. Siku ya pili akapika kidogo, kikalala pia. Akaenda kukopa kwenye kikoba ili mume akirudi asikute sufuria tupu, na deni lile akalilipa kimya kimya kwa miezi. Mume hajui mpaka leo hii kama bibi hakumnong'oneza.

Kwa hiyo ukitazama vizuri, hawa watu hawakuwa wanagombania paa. Kila mmoja alikuwa anaikimbia hali ya hewa yake. Mume anaukimbia upepo wa siku moja unaoweza kubeba kila kitu. Mke analikimbia joto la kila siku linalomla mtoto polepole. Na wote wako sahihi. Kwenye joto makuti yanashinda. Kwenye kimbunga hakuna paa la kuaminika asilimia mia, lakini bati lililopigiliwa vizuri kwenye kenchi imara linakupa nafasi zaidi.

Mume aliporudi, mke hakuanza na makuti. Alimwekea maji ya kuoga, akampa chakula, halafu akamwambia, "Mama kanisimulia Hidaya." Mume akatazama viganja vyake. Hawakuongea mengi, lakini usiku ule wote wanne walilala nje chini ya mwembe, na bibi watano.

Walichofanya baadaye si cha mtu tajiri. Bati likabaki. Fundi akapiga dari ya bodi kwenye chumba cha watoto peke yake, maana hela ilitosha hicho tu, na hela yenyewe ilikuwa ya mke, aliyoitunza kununua friji ya kuuzia juisi baridi. Friji ikasubiri, na mpaka sasa inasubiri. Juu ya ukuta, karibu na paa, wakatoboa matundu pande mbili wakaweka wavu wa mbu, hewa ya moto iliyonaswa kati ya dari na bati ikapata njia. Halafu uwanjani mume akajenga banda la makuti kwa mkono wake, wazi pande zote, likielekea inakotokea kaskazi. Nguzo hakuchukua mikoko, kwa sababu kuikata kunataka kibali. Alitumia miti ya shambani. Jikoni kukahamia huko nyuma yake, moto ukatoka karibu na vyumba.

Na ratiba ikabadilika. Chapati zinaisha saa mbili asubuhi. Kazi ya jua kali inamalizwa kabla ya saa tano. Kuanzia saa sita mpaka saa tisa watoto wako bandani na kanga nyepesi, maji ya kunywa yako mtungini, mdogo anaogeshwa mara mbili. Usiku wanaingia ndani, chini ya bati. Harara za mtoto zikaanza kukauka zenyewe.

Banda lile upepo mkali ukija linaweza kwenda lote, na mume analijua hilo. Likienda limekwenda banda, watoto wako ndani.

Labda hilo ndilo la kubeba hapa. Huku pwani joto na upepo havikuombi uchague kimoja, vinakuja vyote kwa zamu. Ukijenga kwa kuogopa maneno ya watu, utajenga kwa ajili ya macho ya wapita njia, na wapita njia hawalali kwako. Ukitaka kujenga vizuri muulize kwanza mwenzio anaogopa nini. Unaweza kukuta mmekaa miaka kitanda kimoja na hamjawahi kuambiana.

Haya wadau, kwenu ni bati au makuti? Na joto la mwaka huu mnalimudu vipi? Tiririkeni hapo chini, hasa nyie wa Bungu, Ikwiriri, Mbwera na Mafia.