Waya Chini ya Kapeti

Watu wakija kwetu Katwe kufunga muziki ndani ya gari, wanazungumzia spika. Inchi kumi ama kumi na mbili? Wati ngapi? Taa iwe ya bluu ama nyekundu? Waya haizungumziwi. Inakuja kuulizwa mwishoni, pesa ikiwa imeshaisha, na hapo maneno ni yale yale: "Fundi, weka yoyote, si itafichwa chini ya kapeti?"

Nataka kuandika juu ya hiyo waya inayofichwa. Sisi tuliotoka Kongo tuna mikono ya kazi hapa Kampala, lakini hatuna mtu wa kutusemea. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Lakini sheria haiwezi kumlazimisha mwenye gari akuamini. Gari likitoa moshi, swali la kwanza ni: nani alifunga hii? Na jibu "yule Mukongo" linatosha kukufungia kazi mtaa mzima.

Kwanza hesabu, maana hesabu hii haina siri. Kila waya inakinza umeme kidogo. Ikiwa ndefu, inakinza zaidi. Ikiwa nene, inakinza kidogo. Waya ya shaba yenye unene wa milimita 1 ya mraba ina ukinzani wa karibu omu 0.017 kwa kila mita. Zidisha hiyo kwa urefu, kisha gawanya kwa unene. Usisahau kwamba umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 5 za safari ni mita 10 za waya.

Chukua Hiace ya abiria, hizi tunazoita kamunye. Amplifaya iko chini ya kiti cha mbele, sabufa iko nyuma kabisa. Waya ikifuata ukingo wa sakafu, ni kama mita 5. Ukiweka ile nyembamba ya 0.5, ukinzani wake unafika omu 0.34. Sabufa yenyewe ikiwa ya omu 2, basi karibu sehemu moja kati ya saba ya nguvu ya amplifaya inabaki kwenye waya, inakuwa joto tu. Ukiweka ya milimita 4, ukinzani unashuka hadi 0.04, na kinachopotea ni kama sehemu mbili kwa mia. Kanuni ninayofuata ni kwamba ukinzani wa waya usizidi sehemu tano kwa mia ya omu za sabufa. Ndiyo maana sabufa ya omu 2 inadai waya nene kuliko ya omu 4, hata kama wati ni zile zile.

Pakiti nyingine zina namba za Kimarekani, na hizo zinachanganya watu, maana namba ikipanda waya inakonda. Namba 16 ni kama milimita 1.3. Namba 12 ni kama 3.3.

Sasa, kuna mzee mmoja mwenye kamunye mbili. Alikuja na sabufa ya omu 2 na kipande cha waya ya 0.5 alichobakiza nyumbani. Nikamwambia hiyo haitoshi. Akaniangalia vizuri.

"Wewe Mukongo, unataka kula pesa yangu."

"Hapana, Mzee. Naomba dakika kumi tu, uone kwa macho yako."

Ningeweza kubishana, lakini mgeni akibishana anaonekana mwizi zaidi. Nikafunga ile waya yake, nikapiga mlio mmoja wa besi kutoka kwenye simu, mlio usiopanda wala kushuka. Nikampa mita aishike yeye. Kwenye amplifaya akasoma volti 20. Nikamwomba azunguke nyuma apime kwenye sabufa. Akasoma 17 na nusu. Kisha nikaunga waya ya milimita 4 na kurudia mlio ule ule. Nyuma akasoma 19 na nusu.

Akapima tena, peke yake, bila kuniambia neno. Nilinyamaza. Mita haijui Kiganda wala Kiswahili changu cha Bukavu, na hakuna aliyeweza kusema nimeidanganya, maana ilikuwa mkononi mwake.

Hakununua siku hiyo. Alirudi baada ya siku mbili na waya yake mwenyewe kutoka duka moja la mjini, nene, yenye plastiki nzuri, imeandikwa 4. Nikaibeba mkononi, nikaiona nyepesi. Nikakwangua uzi mmoja kwa kisu: nje rangi ya shaba, ndani nyeupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba.

Hapo ndipo palikuwa na mtihani. Ningemwambia "hii takataka, nunua yangu," angeninunulia, maana sasa alikuwa na hofu. Lakini hesabu ilisema vingine. Alumini ya namna hiyo inakinza zaidi, kwa hiyo milimita 4 yake inafanya kazi kama 2.5 ya shaba. Kwa mita 10 ni omu 0.07, chini ya kanuni yangu. Nikamwambia ukweli: "Mzee, wamekuuzia alumini kwa jina la shaba, lakini kwa sabufa yako itafaa. Nitabana ncha zake vizuri, na uje nizikaze tena baada ya mwezi, maana alumini inalegea. Ila hii usiniambie niiweke kwenye betri."

Kwa waya ya betri sikukubali kupunguza chochote. Waya ya spika ikiwa nyembamba, unapoteza besi. Waya ya betri ikiwa nyembamba, unaweza kupoteza watu. Amplifaya ya wati 500 za kweli inaweza kuvuta ampia zaidi ya 40 kwenye volti 12. Kwa umbali ule ninaweka shaba ya milimita 16, na fyuzi karibu kabisa na betri, isizidi urefu wa mkono, yenye ukubwa ambao waya yenyewe inauweza. Kamunye inabeba abiria 14, na mlango wao ni mmoja wa kusukuma. Nilimwonyesha ule mlango. Akatoa pesa ya shaba.

Nawaandikia haya ndugu zangu mlio Nakivale, Kyaka na Rwamwanja kwa sababu sabufa za gari haziishi ndani ya magari peke yake. Zinapiga kanisani na kwenye vibanda vya sinema, kwa betri na sola. Huko waya ni ndefu kuliko za Hiace. Spika ya omu 4 iliyo mita 15 kutoka kwa amplifaya inataka shaba ya 2.5, ukiweka ya 1, zaidi ya sehemu kumi kwa mia ya nguvu inapotea njiani, na ni betri yako inayolipa. Kama waya nene haipatikani, sogeza amplifaya pamoja na betri yake karibu na spika. Hiyo haina gharama kubwa.

Na ninyi wa mashirika, mnaotoa sanduku la vifaa kwa vijana waliomaliza mafunzo: koleo na bisibisi tunashukuru. Wekeni na mita pia. Kijana akifika mjini bila ndugu, atahitaji kitu cha kumpa mteja ashike mkononi.

Dukani, kabla ya kulipa, omba kipande kidogo. Kwangua uone ndani. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.