Jiolojia sawa, lakini na nini?

Huku Cornwall mvua inanyesha ya ubavu, ile inayokupiga usoni hata mwavuli haufui dafu. Mimi mzima, zamu zinaenda, mshahara unaingia na kutoka kama kawaida yake.

Tuingie kwenye mada. Wengi wenu mnajua kitinda mimba wetu yuko chuo anasoma jiolojia. Sasa amefika mahali pa kuchagua masomo ya kuongezea, yale atakayoyabeba pamoja na jiolojia mpaka amalize. Fomu inarudishwa Ijumaa ijayo. Basi tangu wiki jana simu yangu haipumui! Baba anasema sheria. Mjomba anasema mafuta na gesi, kwamba pesa iko Mtwara. Rafiki zake wanasema kompyuta. Mama yeye anasema lolote, ilimradi mtoto anakula vizuri... Mwenyewe kaniandikia: "Dada, wewe ndiye unalipa ada, sema wewe."

Hayo maneno yamenikosesha usingizi. Kulipa ada hakunipi ruhusa ya kumchagulia mtu maisha. Lakini kunyamaza nako ni kumwacha peke yake katikati ya wazee wanaovutana. Kwa hiyo naandika hapa, ukoo mzima usome mara moja, nisirudie maneno yale yale kwa simu nane.

Nianze na Mjomba. Gesi ipo, hilo halina ubishi. Ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikaanza kutumika kufua umeme mwaka 2004. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Kuanzia 2010 ikaonekana nyingine kubwa zaidi kwenye kina cha bahari, na kila mzazi akataka mwanawe asome mafuta na gesi. Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka, makampuni yakafunga mikoba, na mazungumzo ya mradi mkubwa wa Lindi yakavuta miaka na miaka. Nawafahamu vijana wawili waliosoma fani hiyo wakati ule. Mmoja anauza sola, mwingine anafundisha sekondari. Si kwamba hawana akili. Fani yao inasubiri bei inayopangwa mbali na nyumbani, na ada haisubiri bei.

Baba naye ana hoja nzito. Mwamba wa Tanzania una sheria juu yake. Kuna Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na mabadiliko ya 2017 yaliyoipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji mkubwa bila kuzilipia. Mjiolojia asiyejua kusoma leseni anaweza kutoboa shimo kwenye eneo la mtu! Lakini Baba, sheria kamili ni shahada nyingine. Kozi moja ya sheria ya madini inamtosha, na wanasheria watabaki kuwa wanasheria.

Kompyuta nakubali, ila kwa sharti. Kuchora ramani kwa kompyuta na kujua takwimu ni jembe. Mkulima hawezi kukosa jembe, lakini akiulizwa analima nini hajibu "jembe". Programu ya ramani kama QGIS inapatikana bure, hata akiwa bwenini anaweza kuanza leo usiku. Takwimu asome darasani, maana hiyo ukijifundisha mwenyewe unaikimbia. Mimi nilisoma takwimu kwenye shahada ya uuguzi huku nanung'unika, na hakuna zamu ninayomaliza bila kuitumia.

Sasa naomba nitoe la kwangu, na mtaona kwa nini muuguzi anajiingiza kwenye mawe.

Huku Cornwall watu walichimba bati na shaba kwa karne nyingi. Mgodi mkubwa wa mwisho wa bati, South Crofty, ulifungwa 1998. Wodini kwetu wazee waliokuwa chini ya ardhi bado wanapita na vifua vyao. Halafu kuna kitu kinaitwa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inatoka kwenye urani kidogo iliyomo ndani ya miamba ya matale, inapenya sakafuni, watu wanaivuta wamekaa wanatazama televisheni. Uingereza nzima inakadiriwa kuchangia vifo zaidi ya 1,100 kwa mwaka vya saratani ya mapafu. Unawekewa vifaa viwili vidogo vya plastiki, kimoja sebuleni kimoja chumbani, miezi mitatu, kisha vinapimwa. Gesi ikizidi, fundi anachimba kishimo chini ya sakafu na kuweka feni ya kuitoa nje. Lakini wa kwanza kujua nyumba zipi zipimwe ni msoma miamba.

Na maji je? Mgodi wa Wheal Jane ulifungwa 1991, pampu zikazimwa, maji yakapanda yenyewe mashimoni. Januari 1992 yakabubujika mamilioni ya lita yenye tindikali na metali, mto na mlango wa bahari ukageuka rangi ya machungwa.

Sasa rudini nyumbani kwetu Arusha. Mnakumbuka meno ya wenzetu wa Maji ya Chai shuleni? Yale ya kahawia, watoto wanacheka wameziba mdomo kwa mkono. Tulidhani hawapigi mswaki! Kumbe ni floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, inaingia kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu zaidi ya hapo vijijini, kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Ikizidi sana inapindisha miguu ya watoto, na mguu ukishapinda muuguzi hana dawa ya kuunyoosha. Hata magadi ya kulainishia maharage yanaweza kuwa nayo. Ngurdoto walifanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, lakini kisima kikichimbwa mahali sahihi, kwenye mwamba sahihi, mtoto hahitaji chujio.

Ndiyo maana mdogo wangu, ungeniuliza mimi tu, ningesema: maji ya chini ya ardhi na kemia ya maji, halafu takwimu. Nafasi ikibaki, ile kozi ya sheria, Baba afurahi. Sikudanganyi kuhusu pesa. Mgodi wa dhahabu utakulipa kuliko idara ya maji. Ila maji yanakufungulia milango yote miwili. Mgodi lazima upampu maji na ulinde mabwawa ya mabaki yake, na vijijini kisima kinahitajika bei ya dhahabu ikipanda au ikishuka. Nchi ina mabonde tisa ya maji, kila moja na bodi yake, na tangu 2019 kuna RUWASA kwa ajili ya maji vijijini.

Lakini hili lisomwe na wote. Ada nitalipa hata akiandika gesi, hata akiandika kompyuta tupu. Nilimwambia hivyo siku anaondoka kwenda chuo na neno langu halijabadilika. Kwa hiyo Baba, Mjomba, tumpe siku hizi mbili tatu simu yake ipumzike. Akae na fomu yake, aende kwa mwalimu wake amuulize, aandike kwa mkono wake.

Na wewe kitinda mimba, Ijumaa jioni nitakuwa off. Nipigie uniambie ulichochagua, sitakuuliza kwa nini kabla hujaniambia mwenyewe.

Msalimieni Bibi. Mwambieni lile koti la baridi nimeshalinunua.