Ubao wa Mkulo Katika Sebule ya Mama

Huenda nawe umepata kuchagua redio kwa kuusikiliza mshindo wake dukani, ukasahau kuyasikiliza maneno. Mimi nilifanya hivyo mwaka 1985, na hasara ikamwangukia mama yangu.

Mama aliishi Lukozi, juu ya mji wa Lushoto, katika nyumba ya matofali yenye sakafu ya saruji na sebule ndogo. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka. Nikampelekea kutoka Dar es Salaam redio ya kutumia betri ya gari, pamoja na spika kubwa ya sanduku, nikiamini kuwa kinachovuma ndicho kinachosikika.

Jioni moja ya Julai, baridi ikiwa imefunga madirisha yote, Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza kifo cha kaka yake, na kwamba maziko yangefanyika kesho yake Korogwe. Mama alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka kwenye spika. Alisikia mvumo, kama wa mtu anayenena ndani ya pipa, jina hakulipata. Habari zilimfikia kwa mdomo wa mpita njia, siku mbili baada ya kaburi kufukiwa. Nyakati zile matangazo ya vifo ndiyo yaliyouita ukoo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994.

Nilipokwenda kuhani hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, spika yako inavuma vizuri, ila haisemi."

Fundi seremala wa jirani alinishauri niitoe spika ndani ya sanduku na kuifunga kwenye ubao mtupu. Nilimcheka moyoni, kumbe mjinga ni mimi. Spika husukuma hewa mbele na nyuma. Sauti ya nyuma ikifungiwa sandukuni, hutikisa mbao na kurudi ikiwa imevurugika. Kwenye ubao huenda zake huru. Waingereza wa kampuni ya Quad waliuza spika bapa isiyo na sanduku tangu 1957, yenye utando mwembamba unaosukumwa kwa nguvu ya umeme. Sisi tulikuwa na koni ya karatasi ya inchi 8 na msumeno.

Tulijaribu mbao tatu, kila moja ikikaribia kimo cha mita moja. Ule wa plaiwudi ulitetemeka hata kila neno likawa na mkia. Wa msonobari wa Shume ulikuwa afadhali. Wa tatu ulikatwa kwenye mlango mkongwe wa mkulo, mti ambao wataalamu waliupa jina la milima yetu hii, Ocotea usambarensis. Ulikuwa mzito, haukutikisika, na msomaji wa habari akawa kama ameketi nasi akinywa chai. Tulipouegemeza ukutani maneno yaligubikwa tena; tulipouvuta mbele kadiri ya mita moja yakafunguka. Ubavuni sauti ilikuwa haba, hivyo tukahamisha kiti cha mama na kumlaza mtoto upande ule.

Mdogo wangu hakufurahi. Kwake redio ilikuwa Jamhuri Jazz ya Tanga, na gitaa la besi lilikuwa limekonda. Wala hakukosea: wimbi la sauti nzito ya mitikisiko 100 kwa sekunde hufikia urefu wa mita 3.4, nalo huuzunguka ubao mdogo likakutana na lile la nyuma, yakauana. Kwa dansi, sanduku lilishinda. Nilimwambia avumilie, naye alivumilia kwa kununa.

Mwaka uliofuata, jioni, likasomwa tangazo jingine, la binamu yetu wa Soni. Mama alisimama kabla msomaji hajamaliza, akaniambia nimtafutie khanga yake nyeusi na kuuliza gari la alfajiri huondoka saa ngapi.