Bili za udongo kutoka Idjwi

Tulivuka Ziwa Kivu kwa boti, kutoka Bukavu hadi Idjwi, kujifunza kutengeneza bili za udongo, tuzitumie kuhesabia darasani. Aliyetufundisha ni mama mfinyanzi wa Kitwa. Toa vijiwe, kanda udongo, viringisha kiganjani, anika kivulini mpaka zikauke kabisa, kisha choma kwa majani makavu. Sisi tulikuwa na haraka: zetu zilipasuka motoni. Mama alicheka, akatugawia zake.

Siku hizi watu wananunua masufuria na plastiki, vyungu vyake vinabaki. Binti yake amekaa nyumbani kwa kukosa minervali ya sekondari. Tumeagiza bili 300, tukalipa palepale. Vikundi vingine navyo viagize, mtoto arudi shuleni.