Gari la Marehemu Baba



Marehemu baba yetu alikuwa karani wa kupima pamba katika siku za Victoria Federation of Co-operative Unions, chama kile kikubwa cha ushirika kilichoundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Baada ya miaka mingi ya kujinyima alinunua gari moja kuukuu, Land Rover Series IIA, lile refu lenye inchi 109 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gari hilo lilibeba pamba, maiti, mabibi harusi na wagonjwa, na kila Idi lilitupeleka Bariadi kuswali. Alipofariki mwaka 2010 tulilisukuma hadi bandani nyuma ya nyumba yetu hapa Kasoli, tukaziba mlango kwa mabati, na kuku wakatagia humo kwa muda wa miaka 13.

Hata ulipokaribia mwezi wa Juni mwaka 2023, mama akaniita akaniambia, “Mwanangu, Idi hii ya Kuchinja nataka niende kuswali ndani ya gari la baba yenu.” Mama yetu si mtu wa kuomba omba. Basi nikaingia kazini siku ile ile. Nilimwaga petroli iliyooza, nikasafisha kabureta, nikatia betri mpya, na siku ya tatu injini ikanguruma. Majirani walipiga vigelegele, nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikajiona fundi.

Breki sikuzifungua. Nilipokanyaga pedeli mara ya kwanza ilizama mpaka chini. Juu ya rafu ya baba nikakuta kopo la mafuta ya breki lililokwisha kufunguliwa zamani. Nikalimimina lote, kwani kutupa mali ni israfu. Nikatoa upepo, nikakanyaga tena na tena, na mwisho pedeli ikawa ngumu chini ya mguu wangu. Nikasema: Bismillahi, tawakkaltu alallah. Watoto wa chuo wote wanakijua kisa cha Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, akaamriwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Mimi nilikisoma nikiwa na miaka saba.

Siku moja kabla ya Idi, wakati wa alasiri, nikalitoa gari kulijaribu. Njia inateremka kidogo kuelekea kijito ambacho kiangazi hukauka. Upande wa kulia walikuwa wanakuja watoto kutoka chuoni, wamepakata juzuu zao. Nikakanyaga breki. Pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe, lakini gari halikupunguza mwendo. Zaidi ya hayo, likavutwa upande wa kulia, kuwaelekea wale watoto. Nikarudisha gia kwa nguvu, nikavuta breki ya mkono, ambayo katika gari la namna hii hukamata shafti nyuma ya giaboksi wala haitegemei mafuta. Gari likaruka, likalia, likasimama kwa kishindo.

Mtoto mmoja, hadhani hata miaka sita, alikuwa hatua tatu mbele ya bampa. Juzuu yake ilikuwa imeanguka mavumbini. Akaiokota, akaibusu, akaipangusa kwa kanzu yake, kisha akaniinulia macho akasema, “Shikamoo.”

Sikuweza kumwitikia.

Mama akaenda kuswali Idi kwa gari la kukodi, wala hakuniuliza neno. Mimi nikamwendea fundi mmoja mzee wa Bariadi ambaye magari ya namna ile ameyajua tangu ujana wake. Akaniuliza jambo moja tu: “Umefungua magurudumu?”

Gari hili lina ngoma ya breki kila gurudumu, na silinda ndogo sita: mbili kwa kila gurudumu la mbele, moja kwa kila la nyuma. Tulipofungua gurudumu la mbele la kushoto, bastola zote mbili zilikuwa zimeshikwa na kutu, hazisogei hata kwa nyundo. La kulia peke yake lilikuwa likifanya kazi, ndiyo sababu gari likavutwa huko. Nyuma, upande mmoja, sili ya ekseli ilikuwa imekauka na oili imelowesha viatu vya breki. Upande wa pili kile kirekebishi cha kuvisogeza viatu karibu na ngoma kilikuwa kimeganda. Ule ugumu wa pedeli niliodhani ni uzima, kumbe ulikuwa ni kutu.

Fundi akanieleza kwamba mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, hata gari likiwa limelala. Maji hayo huozesha silinda kwa ndani, na tena huyafanya mafuta yachemke mapema: yale yenye alama ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishakunywa maji huweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka mteremkoni hugeuka mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Kopo la baba alilinusa, akalitia takatakani.

Vumbi la ndani ya ngoma alinikataza kulipuliza. Alilipangusa kwa kitambaa kilicholowa maji, kwa kuwa viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu taratibu. Tukabadili silinda zote sita, masta silinda, mipira, viatu na sili. Mipira ile kwa nje ilikuwa na nyufa tu, lakini fundi alipoipasua tuliona imevimba kwa ndani hata tundu likakaribia kuziba. Upepo tukautoa kwa kuanzia gurudumu la nyuma la kushoto, lililo mbali kuliko yote na masta silinda. Kazi ilichukua wiki tatu na fedha za mbuzi wawili.

Tulilijaribu katika shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, pasipo mtu. Kila baada ya kusimama mara kadhaa fundi alishuka, akakaribisha kiganja kwenye kila ngoma kusikiliza joto, maana ngoma iliyo baridi haikufanya kazi. Zote nne zilikuwa na joto sawasawa.

Lilibaki jambo moja. Baba wa yule mtoto alikuwa hajui. Baada ya swala ya isha nikaenda nyumbani kwake nikamsimulia yote, pamoja na habari ya lile kopo. Alinyamaza muda mrefu, akiitazama taa. Kisha akauliza, “Na sasa linasimama?”

“Linasimama.”

“Basi Ijumaa utupitie. Bibi yake naye miguu inamsumbua.”