Gari la Kaka na Kutu ya Kigamboni

Ukiona rangi ya gari imevimba mahali padogo, kiasi cha punje ya hindi, usidhani ugonjwa ndio kwanza unaanza. Uvimbe huo ni habari iliyochelewa kufika. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo; kwa hiyo inapofikia kuisukuma rangi, aghalabu imekwisha kulila bati kutoka ndani kwa muda mrefu. Na katika mji kama Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari huleta chumvi hata vyumbani mwa watu, maji na hewa hukikuta chuma bila taabu, na chumvi huiharakisha kazi yao.

Nayaandika haya kwa sababu ya gari moja, Datsun 240Z, aliloliacha marehemu kaka yangu huko Kigamboni. Wasomaji wenye mvi hawahitaji kuelezwa ni gari gani hilo. Ndilo lililoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller. Likashinda tena mwaka 1973 chini ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyekuwa na Lofty Drews. Ushindi huo wa pili ulikuwa wa kubanana hasa, kwani Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa na alama sawa, ikabidi itafutwe njia nyingine ya kuwatenga. Kaka alikuwa kijana wakati huo, na tangu siku hizo hakutamani gari jingine. Miaka mingi ilipita kabla hajalipata, la mkono wa pili, na alipolipata alilipenda kwa namna ambayo shemeji yangu hakuifurahia daima.

Ni gari la watu wawili, lenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na boneti ndefu kiasi kwamba dereva huonekana kama ameketi juu ya magurudumu ya nyuma. Lakini lililo muhimu zaidi kwetu ni hili: halina chesisi ya peke yake kama lori. Sakafu, vizingiti vya milango na mihimili iliyo chini ya viti ndivyo vinavyolibeba gari zima. Kutu ikila madigadi ya lori, umeharibikiwa na sura tu. Ikila kizingiti cha gari kama hili, imekula uti wa mgongo.

Kaka alikuwa akiliegesha chini ya mkungu. Kivuli kilikuwa kizuri, lakini mkungu hupukutisha majani mapana, na majani hayo huingia katika matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele. Humo yakaoza yakawa udongo, udongo ukaziba njia za kutolea maji, na kila mvua iliyonyesha ikabaki mle ndani hadi ilipojitafutia mlango wake yenyewe. Mlango huo ulikuwa chini ya miguu ya dereva.

Baada ya msiba, shemeji alipata mnunuzi. Binti yao yuko mwaka wa pili chuoni, na ada haingoji matanga yaishe. Mnunuzi alikuwa mtu mwungwana. Alisema anamnunulia kijana wake, aliyekwisha kupata leseni. Akaja fundi mmoja wa jirani akaahidi kulitengeneza kwa siku tatu: apige msasa, ajaze puti, apulize rangi. Bei yake ilikuwa ndogo, nasi tulihitaji bei ndogo.

Mimi nimefanya kazi ya bodi pale Gerezani kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo shemeji alinitaka niseme neno. Nilichukua sumaku, nikaifunga kwa kitambaa ili isikwaruze, nikaipitisha taratibu chini ya mlango wa dereva. Ilishika, ikashika, kisha ikaanguka. Sumaku haishiki puti. Maana yake ni kwamba kulikuwa na mtu mwingine, kabla ya kaka, aliyekwisha kutengeneza kwa siku tatu.

(Jaribio hilo, msomaji, halina gharama. Lifanye kabla hujatoa fedha kununua gari lolote lenye umri.)

“Shemeji,” aliniambia, “mtu amependa gari lilivyo. Hakuuliza habari za sakafu.”

Sikuona ubaya katika maneno hayo, na sioni hata leo. Mjane mwenye ada ya kulipa ana haki ya kuhesabu siku. Nilichofanya ni kuondoa kiti na zulia, kisha nikamwomba aangalie. Nilisukuma bisibisi kwa mkono mmoja, bila nyundo, ikatokea upande wa pili. Akaona mchanga wa uani kwake kupitia sakafu ya gari. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama boliti za kiti cha dereva zimefungwa papo hapo. Nilimjibu kuwa ni karibu napo. Akasema, “Basi kata.”

Kukata ndiko kunakowashinda wengi, kwa kuwa tundu la ukubwa wa sarafu hugeuka likawa la ukubwa wa sinia. Lakini hakuna njia nyingine. Bati jipya likichomelewa kwenye bati lililooza, moto hulitoboa lile la zamani, na usipolitoboa, kutu huendelea kula pembeni mwa kiraka. Hukatwa mpaka chuma kinang’aa kote.

Kabla ya kukata kizingiti, nililikalisha gari sawasawa juu ya magogo, nikafunga vyuma vya kukinga katika uwazi wa mlango, nikapima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe. Asiyefanya hivyo, gari humlegea katikati, na akimaliza kuchomelea mlango haufungi tena. Tangi la petroli tulilitoa, na betri pia. Binti wa kaka, aliyekuja likizo, alisimama na ndoo ya maji muda wote, akaniuliza, “Baba mdogo, mbona unarukaruka? Chomelea mstari mmoja uishe.” Nikamweleza kwamba bati la gari ni jembamba, halifiki hata milimita moja, ukilichoma mfululizo hujikunja kama ukoko wa wali. Huchomwa nukta moja hapa, nyingine mbali, lipoe, kisha urudi katikati. Siku ya pili alikuwa akinionyesha yeye mahali palipopoa.

Upande wa kulia peke yake ulichukua wiki tano. Ndani ya kizingiti tulipaka rangi yenye zinki, kisha tukapuliza nta mahali ambapo brashi haifiki. Matundu ya chini ya kutolea maji tuliyaacha wazi. Wapo mafundi wanaoyaziba kwa kudhani ni kasoro, nao ndio wanaotupatia kazi baada ya miaka mitatu. Majani ya mkungu tulijaza nayo karai moja na nusu.

Vipande vyote vilivyooza niliviweka katika gunia. Mnunuzi alipoitwa, shemeji mwenyewe alilimwaga gunia hilo barazani mbele yake, kabla hata ya chai. Yule bwana aliokota kipande kimoja kikamvunjikia vidoleni. Akaenda kwenye gari, akafungua mlango wa dereva, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akauliza upande wa kushoto ukoje.

Nilimwambia kwamba haujafunguliwa, na kwamba sumaku imeanguka huko mahali pawili.

Alipunguza bei aliyoitaja mwanzo, ingawa si sana, akatoa malipo ya awali yaliyotosha muhula mmoja. Gari sasa liko chini ya bati, mbali na mkungu. Masika yakiisha tutaondoa kiti cha kushoto, na binti ameandika aelezwe tarehe ili awepo.