Paa na Kupaa: Tafakuri juu ya Riziki ya Mchoraji wa Kilimanjaro

Machame na Marangu ni majina ambayo leo hujulikana duniani kama njia mbili za kupandia Mlima Kilimanjaro. Wageni wengi hupita katika malango hayo kila msimu wakiwa na hamu ya kufika kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kwangu mimi, niliyezaliwa katika miteremko hiyo na kuishi Moshi kwa ualimu na uchoraji, majina hayo yana maana nyingine pia. Machame ndiko alikozaliwa Sam Joseph Ntiro mwaka 1923, na Marangu ndiko alikozaliwa Elimo Njau mwaka 1932. Wote wawili walisomea uchoraji Makerere, katika shule ya sanaa iliyoasisiwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na wote wawili wamo katika orodha ya waanzilishi wa uchoraji wa kisasa wa Afrika Mashariki.

Insha hii haikusudii kuhakiki picha zao. Inakusudia kuuliza swali ambalo aghalabu wahakiki wetu hulipita kando, labda kwa kuliona kuwa ni la jikoni mno: waliishije? Yaani, mchoraji alipata wapi chakula, nyumba, rangi, na zaidi ya yote saa za kuchora, si kwa mwaka mmoja wa shangwe bali kwa umri mzima wa kazi?

Hatuna budi kuanza na neno lenyewe. Katika Kiswahili sanifu msanii ni mtu mwenye ustadi wa kubuni na kutengeneza vitu vizuri. Lakini katika Kiswahili cha mitaani na cha majukwaa ya siasa, mtu akisemwa kwamba "anafanya usanii" maana yake ni kwamba anadanganya. Neno fundi halikupatwa na mkasa huo. Fundi wa milango anapoitwa nyumbani, watu huelewana naye bei, humpa malipo ya awali, na hawamwulizi kazi yake halisi ni ipi. Mchoraji huulizwa. Nimeulizwa swali hilo msibani, harusini na ofisini, na kila mara nimejibu kwamba mimi ni mwalimu. Jibu hilo ni la kweli, lakini lina kasoro: linaonyesha kwamba jamii inautambua mshahara kabla ya kuitambua kazi.

Tukiyachunguza maisha ya Ntiro kwa swali hili, tunaona kwamba aliuchukua mshahara na kuufanya ngao. Baada ya masomo yake alifundisha Makerere. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisoma katika shule ya sanaa ya Slade, London. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, alitumwa kuwa balozi wake nchini Uingereza. Baadaye akawa Kamishna wa Utamaduni, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Katika safari hiyo yote hakuacha kuchora, na kwa kiasi kikubwa alichora jambo lile lile: watu wa nyumbani kwao wakifanya kazi pamoja, migomba, kahawa, njia za kijijini, mlima nyuma yao. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York. Kwa maoni yangu, uthabiti huo wa mada una uhusiano na mshahara. Mtu asiyetegemea picha kwa chakula cha jioni halazimiki kumwuliza mnunuzi achore nini. Hata hivyo mshahara nao hudai chake: saa bora za mchana huwa za ofisi au za darasa, na kalamu ya mhuri huishindania brashi.

Njau alishika njia nyingine. Umaarufu wake wa mwanzo ulitokana na michoro ya ukutani aliyoichora mwishoni mwa miaka ya 1950 katika kanisa kuu la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Humo habari za Yesu zimewekwa katika mandhari ya Kikuyu. Baadaye hakuridhika kungoja kuta za wengine. Kijijini kwao Marangu alianzisha jumba la picha alilolipa jina la Kibo, na mwaka 1965, pamoja na wenzake akiwamo mshairi Jonathan Kariara na mwandishi wa habari Hilary Ng'weno, alianzisha mjini Nairobi kituo cha sanaa cha Paa ya Paa.

Jina hilo linastahili kutazamwa na wanaisimu. Hufafanuliwa kwa kawaida kuwa ni mnyama paa anayeruka juu. Mwanasarufi atanung'unika kwamba paa ni kiumbe hai, hivyo ingefaa kusemwa "paa apaa". Na kama ni paa la nyumba, basi "paa lapaa". Lakini upatanisho huo uliolegea ndio unaotuwezesha kuzisikia maana zote kwa pamoja: mnyama, kitendo cha kupanda angani, na kile kinachozuia mvua isituangukie. Ntiro alikodi paa kwa utumishi wake, na chini yake akapaa. Njau alijenga paa lake mwenyewe ili wengine pia wapae, na mjenzi hulipa gharama ya kila bati. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kituo hicho pamoja na kazi nyingi za sanaa zilizokuwa zimehifadhiwa humo. Aliyekuwa mtumishi wa umma angerudi kazini kesho yake. Aliyejenga mwenyewe alirudi kwenye majivu akaanza tena.

Haya si ya kinadharia kwangu. Kijana mmoja wa Kibosho, niliyemfundisha kuchora tangu akiwa kidato cha kwanza, alinijia na barua ya ajira ya ualimu katika mkoa wa mbali. Alipewa wiki mbili kuripoti. Wakati huo alikuwa akiuza picha zake kwa wageni wanaopanda mlima, na katika miezi mizuri alipata zaidi ya mshahara ule. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia akauliza, "Niende au nibaki nichore?" Nilimweleza habari za Ntiro. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Ntiro aliajiriwa na nchi changa iliyokuwa ikiwatafuta wasomi. Mimi nani ananitafuta?"

Hoja yake ilikuwa nzito, na inafaa iongezwe. Kizazi cha Ntiro na Njau kilikua kihamba kilipokuwa na nguvu. Chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, na kahawa iliwalipia watoto wengi wa Uchagga karo ya shule. Mwaka 1989 mgawo wa mauzo uliowekwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulisitishwa, bei ikaanguka. Na vihamba vimeendelea kugawanywa kati ya wana hata vingine havitoshi kwa nyumba na migomba michache. Paa la kwanza la msanii wa Kilimanjaro, yaani shamba la baba, limepungua.

Lililobaki mjini Moshi ni soko la wageni, nalo lina majira yake. Wapandaji huwa wengi kuanzia Januari hadi mwanzo wa Machi, na tena kuanzia Juni hadi Oktoba; masika yakishuka, mchoraji hula alichoweka. Mwaka 2020 janga la UVIKO-19 lilipowazuia wasafiri, hata kiangazi kilikuwa masika. Mimi nilichora kuta za shule za chekechea na vibao vya maduka, na sikuona haya, kwa kuwa kazi mbi si mchezo mwema. Tena soko hilo hudai yale yale: mlima, tembo, Mmaasai, juu ya kitambaa kinachokunjika katika begi. Njau alishikilia kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Naiheshimu kauli hiyo, lakini nakumbuka pia kwamba mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, uliendelezwa na jamaa na wanafunzi wake kwa kuiga, na umelisha familia nyingi. Kwa hiyo swali la haki si kama kijana ananakili. Ni kama ana saa walau chache kila wiki ambazo hanakili.

Nilimjibu kijana yule hivi. Nenda ukaripoti, lakini usiuchukue mshahara bure. Ununue nao saa. Tenga jioni mbili na Jumamosi, na uzilinde kama mtu alindavyo mfereji wa maji wa zamu yake. Picha za msimu na picha za moyo usizitie sahihi moja wala bei moja. Weka daftari: jina la picha, vipimo, tarehe, mnunuzi na bei, kwa maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini asiye na kumbukumbu atathibitishaje kwamba picha ni yake? Mwisho, tafuta wenzako wawili au watatu huko uendako, kwa kuwa hata Njau hakujenga peke yake.

Alikwenda. Bado ananiletea picha kila likizo, na bado hatujakubaliana. Yeye hushikilia kwamba nilimpa jibu la mwalimu, si la mchoraji. Huenda ni kweli kwamba majibu hayo mawili hayawezi kutenganishwa katika mtu wa hali yangu.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaosoma kurasa hizi nina ombi moja. Tasnifu zetu zimejaa maudhui na fani, lakini ni chache zinazochungulia daftari la mauzo, barua ya ajira au deni la dukani. Nyaraka hizo zimo ndani ya masanduku katika nyumba za wachoraji wazee, nao mchwa hawangoji ruhusa ya utafiti. Zikikusanywa, kijana mwingine akija na barua mkononi tutaweza kumjibu kwa ushahidi, badala ya kumjibu kwa habari za watu wawili wakubwa na maisha ya mtu mmoja mdogo.